Salamu Nilizozikata

Wenzangu,

Siku ya kuniaga mlinipa godoro la inchi nane, na ujumbe wake niliuelewa. Kisha Editha wa maendeleo ya jamii akaniomba niandike chochote kuhusu usuluhishi, kwa sababu mwongozo wetu una hatua saba na hakuna hata moja inayoeleza ufanye nini mtu akinuna. Nimelala juu ya godoro hilo wiki sita, nimeshiba usingizi, na sasa naandika.

Madaraja na uhamisho siandiki. Yamo kwenye jalada langu, na yasiyomo mnayajua kwa umbeya. Nitaandika nilivyoanza, vifaa nilivyotumia, na shauri moja la kijiji cha Kitahana ambalo nililivuruga kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali ombi la Editha. Mkilisikia kwa mtu mwingine atalipunguza au ataliongeza, na mimi nina historia mbaya na kupunguza, kama mtakavyoona.

Nilifika Kibondo nikitokea Singida, afisa ustawi wa jamii mpya kabisa, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ofisi ilikuwa meza ya miguu mitatu, na mahali pa mguu wa nne matofali, daftari moja kubwa, na baiskeli ambayo breki yake ilikuwa soli ya kiatu changu. Sikujua neno hata moja la Kiha. Mlinzi wa pale alinisalimia akiinama na kupiga makofi taratibu, akauliza safari, akauliza nyumbani, wazazi, mifugo, mvua za kwetu, mpaka nikaweka begi chini. Singida pia tunasalimiana vizuri, ila tunamaliza. Mimi ni mtu wa haraka tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajamaliza kunawa mikono.

Aliyenifundisha kazi hakuwa bosi wangu. Alikuwa Mzee Bitaliho, katibu wa baraza la kata, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wote wa pale. Kanuni yake ilikuwa moja: hakuna kujibu kabla hujarudia. Mlalamikaji akishasema, mlalamikiwa haruhusiwi kujitetea mpaka kwanza ayarudie aliyoyasikia, na mlalamikaji akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha wanageuziana. Ilichosha, lakini nimeona watu wakifika katikati ya kurudia maneno ya mwenzao wakakwama, kwa sababu walikuwa ndiyo kwanza wanayasikia.

Mara ya kwanza kukaa kwenye baraza lake nilijitia kusaidia. Mama mmoja alikuwa amezungumza muda mrefu juu ya shemeji yake, nami nikamfupishia huyo shemeji kwa sentensi mbili safi kabisa. Mzee Bitaliho akaweka kalamu chini, akaniambia mbele ya watu, kwa upole wote, kwamba leo ningelisaidia baraza zaidi kwa kwenda kuchota maji ya kunywa. Nilichota. Nilikasirika mno, na kesho yake nilirudi kukaa palepale.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kasulu, na huko sokoni nikanunua kinasa sauti cha kaseti. Ofisi haikuniomba ninunue na haikunishukuru. Wakati huo Munanila ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu, na huko kulikuwa na ndugu wawili waliogombania ua wa minyaa uliotenganisha mashamba yao. Mkubwa aliapa hakai mkeka mmoja na mdogo wake. Basi nikafikiri, kama hawawezi kukaa pamoja, sauti zao zinaweza. Nikamrekodi mkubwa, na kabla sijaipeleka kaseti ng'ambo ya pili nikamwekea aisikilize mwenyewe.

Alisikiliza kidogo, akaniuliza huyo anayefoka ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akaomba tuifute aseme upya. Kaseti ile tuliifuta mara nne. Betri zikachoka, tukazianika juani, tukaendelea. Sauti ya mara ya tano mdogo wake aliisikiliza hadi mwisho, akasimama, akavuka ule ua kwa miguu yake. Tangu siku hiyo niliamini mashine, kwa sababu ilimsikilizisha mtu nafsi yake, jambo ambalo mimi kwa maneno yangu yote sikuliweza.

Zikaja simu, kisha simu janja, kisha makundi ya WhatsApp, na kazi ikawa nyepesi na ya hatari zaidi. Nawaandikia kanuni zangu hapa mzikopi bila aibu. Usirekodi mtu kabla hajakubali, na kukubali kwa kuinamisha kichwa sikuhesabu. Mwenye sauti aisikilize kwanza, nzima, kabla haijaenda popote. Sauti haiendi kwenye kundi, hata kundi la ofisi, maana ofisini ndiko kwenye ndimi. Picha ya mtu anayelia haipigwi. Beba pawabenki, na usichajie simu yenye sauti za watu dukani kwa mtu ambaye ni binamu wa mlalamikiwa. Hiyo ya mwisho nilijifunza kwa njia mbaya, na mhusika amenisamehe.

Sasa Kitahana.

Nilikuwa nimerudishwa Kibondo na nimebakiza miaka michache nistaafu. Kitahana aliishi mjane mmoja mfugaji nyuki, Skolastika, ambaye kila mtu alimwita Mama Joram kwa jina la mwanawe. Mumewe alikuwa amemwachia mizinga ya magogo aliyoichonga mwenyewe na kuitundika kwenye miti nyuma ya shamba. Jirani yake, Laurenti, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alitaka kusafisha shamba lake kwa moto siku ya upepo wa kiangazi. Skolastika alimwomba asubiri upepo utulie. Hakusubiri. Moto ukavuka, mizinga yote ikaungua pamoja na nyuki wake.

Kuungua kwa mizinga kulikuwa nusu ya kosa. Nusu ya pili ni kwamba Laurenti aliuona moto ukivuka, akakimbia. Hakupiga yowe, hakuita mtu. Alikwenda moja kwa moja barabarani akadandia lori, na baadaye tukasikia yuko Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, analima mashamba ya watu. Skolastika alimwambia mtendaji wa kijiji kwamba siku Laurenti atakapokanyaga Kitahana anampeleka polisi, na hakuna aliyedhani anatania.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Nyumba ya pili kutoka kwa Skolastika aliishi mama mzazi wa Laurenti, Bibi Yozefina, ambaye hakuwa na mtoto mwingine aliye hai. Akaugua moyo, miguu ikavimba, na daktari wetu, mtu wa Tanga mwenye maneno machache, akaniambia ni suala la miezi. Nilipokwenda kumtembelea Bibi alinishika mkono akasema hataki dawa nyingine, anataka kumwona mwanawe. Laurenti kule alikokuwa alitaka hivyohivyo, ila alijua akija atalala mahabusu na mama yake atazikwa yeye akiwa ndani. Mtu pekee aliyeweza kufungua njia alikuwa Skolastika.

Nilikwenda kwake na Editha, ambaye alinitafsiria Kiha kila Kiswahili kilipopungua. Skolastika alikuwa akipukuchua maharage na hakuacha. Alisema hana ugomvi na Bibi Yozefina, lakini hawezi kumwita mtu aliyemkimbia. Kama ana neno, alisema, aliseme mwenyewe, naye alisikie. Kwangu huo ulikuwa mlango umefunguliwa. Kesho yake nilipanda gari la Kasulu, nikamalizia na bodaboda hadi Kagerankanda, nikiwa na kishikwambi kipya tulicholetewa pamoja na mfumo mpya wa kutunza mashauri.

Laurenti alinipeleka nyuma ya kibanda chake ili wenzake wasisikie. Alikaa muda mrefu ameshika magoti kabla hajaniambia niwashe. Kisha akaanza, na alianza kwa makofi, yale ya taratibu, kama vile Skolastika yuko mbele yake. Akasalimu. Akasalimu na kusalimu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiha, na mimi namtazama huku nafikiria basi la kurudia. Mwishoni kabisa akaomba radhi kwa maneno machache yaliyonyooka: nilichoma, ulinikataza, nilikimbia, naomba unisamehe. Tukasikiliza yote pamoja. Akasema ndivyo.

Nilipofika Kasulu, nikiwa mgahawani nasubiri gari la Kibondo, nikajaribu kuiingiza sauti ile kwenye mfumo. Mfumo ukaikataa. Ulikuwa unapokea dakika mbili tu, na ya Laurenti ilikuwa ndefu mara tatu zaidi. Nikafanya nilichokiona ni akili. Nikakata makofi, niliyoyaona kelele, nikakata salamu zote, nikabakiza kuomba radhi. Ikaingia vizuri. Ili nafasi isijae nikaihifadhi juu ya ile ya mwanzo, ile ya mwanzo ikafutika. Nilikunywa chai yangu nikijiona fundi.

Skolastika aliisikiliza mara moja. Nilitegemea machozi, au hasira, chochote cha kuandika kwenye fomu. Alinirudishia kishikwambi kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Huyu hajanisalimu," alisema.

Nikamweleza kwamba ameomba radhi, tena vizuri, hakujitetea hata kidogo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Ustawi, mtu anaingia kwako hapigi hodi, anasema nisamehe, anatoka. Huyo amekuja kutua mzigo wake tu. Mimi hakuniona."

Akarudi kwenye maharage yake. Tulitembea hadi barabara kubwa. Ndipo Editha akaniambia, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba kwao kumsalimu mtu kwa urefu ni kumwonyesha kwamba unajua yuko na unajua alivyo navyo: watoto, wazee, mashamba, marehemu wake. Asiyesalimiwa amehesabiwa hayupo. Halafu akaniuliza kama ni kweli Laurenti hakusalimu. Nilikuwa nimeishi na Waha miaka yote ile, nimesalimiwa na kila mlinzi na kila mtendaji, nami nikidhani ni tabia nzuri ya watu wasio na haraka. Niliona aibu hadi masikio yakaniwaka.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwa Skolastika, nikamwambia ukweli. Kwamba Laurenti alisalimu, na mimi nilizikata salamu zake, na hazipo tena. Alinitazama.

"Kwa hiyo alinisalimu?"

"Alikusalimu sana."

"Aliniuliza nini?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka makofi, nilikumbuka basi nililokuwa nalihofia, nilikumbuka kwamba salamu zilikuwa ndefu. Zaidi ya urefu sikukumbuka kitu. Nikamwambia hivyohivyo, kwamba sikumbuki, na nikamwomba radhi. Alinikaribisha kukaa.

Kwa Laurenti nilikwenda mwenyewe vilevile. Kosa nililifanya kwa kifaa, ila kulikiri kwa kifaa niliona ni ujinga wa pili. Nilimkuta shambani. Nilipomaliza kueleza alichomeka jembe ardhini akaketi juu ya tuta.

"Mama, kuomba radhi hata mlevi anaomba," aliniambia. "Salamu ndiyo niliyokuwa naiogopa. Kumuuliza Mama Joram habari za nyumbani, na nyumbani kwake ndiko nilikochoma. Hiyo ndiyo imenichukua miaka mitatu."

Alisema hawezi kurekodi tena. Alikuwa ameyatoa yote siku ile, na yalikwenda hewani. Nilirudi Kibondo nikiamini nimeliua shauri, na Bibi Yozefina alikuwa ameanza kushindwa kukaa bila kuegemezwa. Usingizi wangu wa wiki ile ulikuwa mbaya. Nilipompelekea Skolastika maneno ya Laurenti, neno kwa neno safari hii, niliyaandika kwenye karatasi nikamsomea yote bila kuruka. Aliniomba nisome tena pale pa mlevi. Halafu akasema jambo ambalo wataalamu wa mfumo hawakuwa wamelifikiria, wala mimi.

"Salamu ya kwenye mashine siwezi kuiitika. Apige simu."

Kwa Skolastika mtandao ni wa kuotea, kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulipanda hadi nyuma ya shule ya msingi, mahali ambapo walimu hukusanyika wakitaka kuongea na familia zao za mikoani. Niliweka spika. Laurenti alikuwa kwenye laini. Ulisikika upepo tu, mpaka nikadhani imekatika. Kisha tukasikia makofi. Alikuwa ameweka simu chini, nadhani, maana sauti yake ilitoka mbali kidogo. Akasema mwakeye, ile salamu yao ya asubuhi, akasubiri, kwa sababu salamu ya Kiha haisongi mbele kama hujaitikiwa.

Skolastika alisimama ameishika simu yangu. Mimi nilijua tu kwamba akiirudisha kwangu bila neno, Bibi atakufa bila kumwona mwanawe, na kosa litakuwa langu pia. Akairudisha kwangu kweli. Alifanya hivyo ili mikono yake iwe wazi. Akainama mbele ya simu niliyoishika, akapiga makofi, akaitika.

Waliendelea. Laurenti alimuulizia Joram, aliye chuo cha ualimu. Aliwaulizia binti wawili wa Skolastika kwa majina. Akauliza kaburi la mume kama lilijengewa. Akauliza kama nyuki wamewahi kurudi kwenye miti ile. Skolastika akasema kundi moja lilirudi, likakaa kwenye shina lililo wazi. Editha alikuwa akilia waziwazi, na mimi, Mnyaturu wa haraka, nilikuwa naomba waendelee. Walipofika kumjulia hali Bibi Yozefina mtandao ukakatika. Neno la radhi lilikuwa halijatamkwa.

Nikaanza kubonyeza namba kama kichaa. Skolastika akashusha mkono wangu.

"Acha, Mama Ustawi. Mwambie aje. Hayo mengine ataniambia akiwa amesimama mbele yangu."

Tulipiga tena Jumamosi mbili zilizofuata kupanga atakavyokuja, safari hii Joram akiwa kwenye laini ya tatu kutoka chuoni. Joram alitaka polisi, na hakutaka kuzungushwa. Nilitumia kanuni ya Mzee Bitaliho: Laurenti ayarudie maneno ya Joram mpaka Joram aseme ndivyo. Ilichukua mara tano. Makubaliano yaliandikwa na mtendaji. Laurenti ataeleza mbele ya mkutano wa kijiji kwamba alichoma na akakimbia. Atachonga mizinga kwa mikono yake, na kwa kuwa hajui kuchonga, Skolastika atamsimamia. Joram alisema bado hajasamehe lakini hatazuia, nasi tukaliandika hivyohivyo.

Katika wiki hizo tuliwaandikia waliotengeneza mfumo tukiwaomba waondoe kikomo cha dakika mbili. Fomu yao ilikuwa na sehemu ya kujaza sababu, Editha akaandika neno moja, salamu. Walipiga simu kuuliza kama tumekosea kujaza. Editha aliwaeleza kwa nusu saa, kwa kuanzia na kuwajulia hali, na sasa mfumo unapokea sauti ya urefu wowote. Hiyo ndiyo sababu ya ninyi kulalamika kwamba unajaa upesi. Nunueni kadi kubwa zaidi, msikate.

Laurenti alifika mchana wa Jumatano, kwa bodaboda, na mfuko mmoja. Bibi Yozefina alikuwa kitandani ndani, hawezi tena kutoka. Uani kwake alikuwa ameketi Skolastika, ambaye hakuwa amekanyaga pale kwa miaka mitatu, pamoja na mtendaji, Editha na mimi. Laurenti aliweka mfuko chini, akainama, akapiga makofi. Alimsalimu Skolastika yote tangu mwanzo kana kwamba hawakuwahi kuongea kwa simu, na Skolastika akaitika yote. Kisha akanyooka, akavuta pumzi, na sote tulijua sasa anaingia kwenye lile neno.

"Mama Joram, nimekuja..."

Skolastika akainua kiganja kumzuia.

"Ingia kwanza ukamsalimu mama yako," alisema. "Mimi nipo."

Akaingia. Skolastika alisogea kwenye benchi akanipa nafasi, tukakaa. Kutoka ndani tulisikia makofi mazito ya mwanamume, kisha makofi mengine yanayoitika, dhaifu sana, ya mtu asiyeweza hata kuinua mikono vizuri. Yakaendelea hivyo, kwa zamu. Hatukumwita.